Ruzuku Ndogo za Utafiti Kuhusu Wanawake: Zinavyofanya Kazi na Haki za Mwananchi

Barabara ya Morogoro inapofungwa eneo la Jangwani kwa mafuriko ya Mto Msimbazi, usumbufu wa wasafiri hutangazwa mara moja. Hasara ya mama lishe ambaye amekwisha kupika na kukosa wateja ni nadra kuandikwa. Swali kama hilo halihitaji fedha nyingi kulijibu. Linahitaji mtafiti mmoja au wawili, nauli, hojaji na wiki chache za kuzungumza na wahusika. Kazi ya aina hiyo ndiyo inayogharimiwa na ruzuku ndogo za utafiti.

Ruzuku hii isichanganywe na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mikopo hiyo, inayotajwa katika kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, hutolewa bila riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na hurejeshwa. Ruzuku ya utafiti hairejeshwi, lakini anayeipokea hudaiwa taarifa ya matokeo na hesabu ya matumizi.

Dar es Salaam ina historia ndefu ya utafiti huu. Tangu miaka ya 1980, wanataaluma wanawake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya maandiko na kufanya tafiti kupitia kikundi cha WRDP. TGNP, iliyoanzishwa mwaka 1993 na yenye makao yake Mabibo, ilieneza utafiti raghbishi, ambao wananchi wenyewe huchambua matatizo yao badala ya kuwa watoa majibu tu. Mfuko wa Wanawake Tanzania nao hutoa ruzuku kwa vikundi na asasi za wanawake.

Manufaa yake yanaonekana hata katika historia ya Taifa. Mwanahistoria Susan Geiger aliwahoji wanawake wa TANU, akiwamo Bibi Titi Mohamed, na kitabu chake cha mwaka 1997 kilionesha jinsi vikundi vya ngoma vya wanawake wa mjini vilivyosaidia kueneza chama hicho. Wanawake hao wasingeulizwa, sehemu hiyo ya historia ingezikwa pamoja nao.

Mwombaji wa ruzuku huandaa andiko fupi lenye mambo manne: swali moja lililo wazi, njia ya kukusanya taarifa, ratiba, na bajeti yenye mchanganuo. Maombi mengi hudhoofishwa na swali pana kupita kiasi. “Hali ya wanawake Kariakoo” ni mada, “Mama lishe wa mtaa huu hupoteza siku ngapi za kazi wakati wa masika?” ni swali.

Kupata fedha si kupata ruhusa. Kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986, na wanafunzi hupata barua kupitia vyuo vyao. Barua hizo hupitia ofisi za Serikali za mkoa na wilaya, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa Mtendaji wa Kata, na hatimaye kwa Mtendaji wa Mtaa.

Mwananchi anayefikiwa na mtafiti ana haki ya kuoneshwa kibali, kuelezwa taarifa zake zitatumikaje, kukataa kujibu, na kusitisha mahojiano wakati wowote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda. Ni vema pia amuulize mtafiti matokeo yatarejeshwa mtaani lini, kwa kuwa ripoti inayobaki kabatini haiwezi kutumika kutetea meza sokoni, choo cha wafanyabiashara wala mfereji wa maji ya mvua.

Kikundi chenye swali la kutafitiwa, au mwananchi mwenye shaka kuhusu mtafiti, aanzie kwa Mtendaji wa Mtaa wake au kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Huduma hiyo haina malipo.