Mwalimu Aliyesahauliwa Jijini Lisbon

Wahenga wanatuambia kuwa mgeni ni kipofu ajapokuwa na macho. Ukweli wa maneno haya humdhihirikia mtu anaposhika usukani katika jiji asilolijua. Hapo msomi na asiyesoma huwa sawa, kwani wote humtegemea mwenyeji awaonyeshe njia. Leo nakusudia kuzungumzia deni hilo la mgeni kwa mwenyeji, na jinsi historia tunayowafunza watoto wetu inavyolinyamazia.

Mimi na mke wangu, ambaye hufundisha historia katika shule ya upili, tulipata fursa ya kuizuru Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Tulifikia Almada, ng'ambo ya kusini ya mto Tagus, tukatenga siku moja ya kulizunguka jiji kwa gari la kukodi. Nchini Ureno magari hupita upande wa kulia tangu mwaka 1928. Usukani uko kushoto, gia hubadilishwa kwa mkono wa kulia, na mizunguko ya barabarani huzungukwa kinyume cha yetu. Mke wangu alijitwika kazi ya utingo. Kila tulipofikia njia panda alinihimiza, "Kulia, Baba watoto, kulia!"

Tuliingia jijini kwa daraja la 25 de Abril. Daraja hilo lilipofunguliwa mwaka 1966 liliitwa kwa jina la Salazar, dikteta aliyeitawala nchi hiyo kwa mkono wa chuma. Tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi waliuangusha utawala wa kiimla aliouasisi, na daraja likapewa jina la siku hiyo. Ni mapinduzi hayo hayo yaliyoharakisha uhuru wa Msumbiji na Angola mwaka 1975. Tazama basi, msomaji, kwamba jina la daraja si pambo tu. Jamii inapobadili mawazo yake, hubadili pia majina inayoyaenzi.

Chini ya daraja, upande wa magharibi, ndipo ulipo mtaa wa Belém. Hapo pana makao ya watawa ya Jerónimos, jengo la mawe meupe yaliyochongwa kwa ustadi wa ajabu. Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru lijengwe mwanzoni mwa karne ya 16, na sehemu kubwa ya fedha zilitokana na kodi ya biashara ya viungo. Ndani ya kanisa lake mna kaburi la Vasco da Gama, aliyefia Cochin, Uhindi, mwaka 1524. Sanamu yake imelazwa juu ya kaburi, mikono imeunganishwa kama mtu aombaye. Watalii walipishana wakipiga picha. Mke wangu alilitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na yule aliyemtoa Malindi akamfikisha Uhindi, yeye kazikwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo lilitufuata hadi kwenye mnara wa wavumbuzi ulio ukingoni mwa mto. Mnara huo, uliojengwa kwa umbo la merikebu mwaka 1960, una urefu wa mita 52. Mbele kabisa amesimama Mwana wa Mfalme Henrique, na nyuma yake wamo mabaharia, mapadri, washairi na wachora ramani. Vasco da Gama yumo. Hata Pêro de Alenquer, nahodha Mreno aliyeongoza merikebu yake, yumo. Mwelekezi wa Malindi hayumo.

Mbele ya mnara pana dira kubwa ya mawe iliyotandazwa ardhini, na katikati yake ramani ya dunia. Dira hiyo ilikuwa zawadi ya Afrika Kusini mwaka 1960, mwaka ule ule ambao polisi wa serikali ya ubaguzi wa rangi waliwamiminia risasi Waafrika huko Sharpeville. Tuliikanyaga ramani ile tukiitafuta pwani ya Afrika Mashariki, na tulipoifikia mke wangu akasimama juu yake kimya.

Kisa chenyewe tunakijua. Vasco da Gama aling'oa nanga Lisbon mwezi Julai 1497. Aprili 1498 alifika Mombasa, akakosa kuelewana na wenyeji. Malindi, iliyokuwa ikishindana na Mombasa, ilimkaribisha, na mfalme wake akampa mwelekezi. Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, wakafika Calicut tarehe 20 Mei. Siku 26 tu! Katika safari ya kurudi, Wareno waliondoka bila kungoja majira ya kaskazi. Walitangatanga baharini kwa takriban miezi mitatu, na wengi wao wakafa kwa maradhi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mgeni anayefuata elimu ya wenyeji na mgeni anayeipuuza.

Mwelekezi huyo alikuwa nani? Kwa miaka mingi ilidaiwa kuwa ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Uarabuni, lakini wanahistoria wa siku hizi wameikanusha rai hiyo. Waandishi Wareno wa karne ya 16 wanamtaja Mwislamu wa Gujarat waliyemwita Malemo Cana. Wataalamu wanatueleza kwamba neno hilo "malemo" ni "muallim" la Kiarabu, cheo cha mwelekezi wa vyombo katika Bahari ya Hindi. Ndilo asili ya neno letu "mwalimu". Naam, aliyemfikisha Vasco da Gama Uhindi alikuwa mwalimu, na mwanafunzi wake ndiye aliyejengewa kaburi la marumaru.

Aidha, malipo ya ukarimu wa pwani yetu yalikuwa machungu. Mwaka 1505 Wareno waliishambulia Kilwa na Mombasa wakazipora. Mwaka 1593 wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu, waliyoishikilia hadi Waomani walipoiteka mwaka 1698.

Hata hivyo, nisieleweke kuwa nawalaumu Wareno wa leo. Alasiri tuliingia Alfama, mtaa wa kale wenye jina la Kiarabu, kwani Waislamu waliutawala mji huo hadi mwaka 1147. Vichochoro vyake ni vyembamba mno. Ramani ya simu ilituelekeza kwenye njia iliyoishia kwa ngazi. Mzee mmoja aliyeketi mlangoni mwa mkahawa akatuashiria tuketi, akiigonga meza na kusema "mesa". Mke wangu aliangua kicheko. Hatukuwa na lugha moja, lakini meza, leso, bendera na kasha zilitusaidia. Mzee akatuchorea njia kwenye karatasi, kisha akatangulia mbele ya gari kwa miguu hadi barabara kuu. Mke wangu akamwuliza jina lake, akaliandika katika daftari.

Jioni tulirejea kusini kwa daraja jingine, refu zaidi, lenye kilomita 17 pamoja na njia zake za kuingilia. Lilifunguliwa mwaka 1998, miaka 500 baada ya safari ile. Bila shaka umekwisha kulibashiri jina lake: Vasco da Gama.

Kila mwaka wanafunzi wetu hupelekwa Malindi kuiona nguzo ya Vasco da Gama. Hukariri tarehe, hurudi darasani, huandika katika mtihani kwamba Mreno huyo "aligundua" njia ya baharini ya kwenda Uhindi. Je, njia hugunduliwaje na mtu aliyeonyeshwa? Mabaharia wa kusi na kaskazi walikuwa wakiipita bahari hiyo karne nyingi kabla yake.

Nawaomba walimu wenzake Malemo wasimame mbele ya nguzo hiyo na kuwauliza wanafunzi swali la mke wangu. Huenda jibu lisipatikane. Lakini mtoto aliyejifunza kumwulizia mwelekezi hatadanganywa kwa urahisi na mnara wowote, uwe wa ugenini au wa kwao.