Uwakilishaji wa Saa za Kiswahili katika Lugha ya Programu ya Python

Makala haya yanafafanua namna saa za Kiswahili zinavyoweza kuwakilishwa katika lugha ya programu ya Python. Aghalabu suala hili huchukuliwa kuwa ni la kuongeza au kutoa saa sita. Hoja yetu ni kwamba kanuni hiyo inatosha kwa namba ya saa, lakini haitoshi kwa tarehe, na kosa la tarehe ndilo lenye madhara makubwa. Tiketi ya basi iliyochapishwa 12:00 bila neno jingine humwacha abiria na shaka, naye atauliza. Maelekezo kwamba dozi ianze usiku wa Ijumaa yanaweza kueleweka kwa tofauti ya siku nzima, na mgonjwa asijue kuwa kuna la kuuliza.

Moduli ya datetime hutambua wakati wa aina mbili: usioambatana na ukanda wowote wa saa, na unaojua ukanda wake. Wa kwanza ni kama picha ya saa ya ukutani: mishale inaonekana, lakini haijulikani saa hiyo imetundikwa mji gani. Python hukataa kuamua upi umetangulia kati ya aina hizo mbili, na ukali huo, kwa maoni yangu, ni wa manufaa. Tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020, moduli ya zoneinfo huwezesha kutaja ukanda kwa jina, kama vile Africa/Nairobi, ulio saa tatu mbele ya saa ya rejea ya dunia, yaani UTC. (Anayeshughulikia nyaraka za kale ajihadhari: kuanzia 1937 hadi Julai 1942 Nairobi ilikuwa mbele kwa saa 2 na dakika 45 tu.) Kinachofaa kuhifadhiwa ni wakati wa UTC. Saa ya Kiswahili izalishwe pale tu inapooneshwa kwa mtumiaji.

Ugumu huanza katika kusoma alichoandika mtumiaji. Namba ya saa hugawanywa kwa 12 na kubakizwa salio; kisha huongezwa 6 kwa saa za mchana au 18 kwa saa za usiku, na jumla ikifika 24 au kuzidi, hutolewa 24. Hivyo saa 2 asubuhi huwa 08:00, saa 2 usiku huwa 20:00, na saa 8 usiku hutoa 26, yaani 02:00 ya tarehe inayofuata. Maneno asubuhi, mchana na usiku hayasumbui. Jioni na alfajiri husumbua, kwa sababu yako mpakani. Saa 11 jioni ni 17:00, upande wa mchana. Saa 12 jioni ni 18:00, nayo huhesabiwa upande wa usiku, sawa na saa 1 jioni kwa wanaoitaja hivyo. Alfajiri ni kinyume chake: saa 11 ni ya usiku, saa 12 ni ya mchana. Msimbo unaoiweka jioni yote upande wa mchana utaigeuza saa 12 jioni kuwa 06:00.

Kuhusu tarehe, ipo njia ya mkato inayovutia: kuunda ukanda wa bandia ulio saa sita nyuma ya Nairobi, yaani UTC-3. Saa 7 usiku wa kuamkia tarehe 5 Juni, ambayo ni 01:00, itasomeka 19:00. Namba ni sahihi kwa mfumo wa saa 12, lakini tarehe imerudi 4 Juni. Ukanda wa UTC+9 hutoa namba zilezile, ila tarehe hugeuka saa 12 jioni. Tofauti na ule wa kwanza, huu una mantiki ya kiutamaduni: katika hesabu ya Waswahili Waislamu usiku hutangulia mchana wake, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Kwa msemaji mwingine, ni usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Wote wawili wanasema Kiswahili sahihi, na hakuna fomula ya kuwaamulia. Kwa hiyo fomu isipokee usiku wa Ijumaa kama ulivyo. Imwoneshe mtumiaji usiku zote mbili, kila mmoja ukiwa na tarehe unapoanza na tarehe unapokucha, naye achague.