Kufunga Vitabu vya Posta

Mwaka jana nililetewa vitabu sita. Vilifika pembe zimevunjika, na kurasa zimegandamana kwa mvua. Aliyevifunga alitumia gazeti na kamba tu, na kamba iliyokazwa juu ya jalada tupu hulikata kama kisu.

Basi, kila kitabu kivikwe kwanza karatasi ya plastiki. Kisha vilazeni, migongo ikipishana, kati ya vipande viwili vya kadibodi vilivyozidi vitabu kidogo, maana pembe ndizo ziumiazo kwanza. Sandukuni pasibaki nafasi. Jazeni karatasi zilizofinyangwa. Kitabu kinachocheza hujipiga chenyewe njia nzima. Anwani iandikeni nje, na nyingine ndani, kwani wino wa nje hufutika.