Jozi za Pembe na Nyota ya Kaskazini

Katika jiometri pembe nyingi huenda mbili mbili. Pembe mbili ambazo jumla yake ni nyuzi 90 hukamilishana. Tena, mstari mmoja ukiikata mistari miwili iliyo sambamba, pembe zinazokaa mahali pamoja katika kila mkato huwa sawa. Wengi hukariri kanuni hizi kwa ajili ya mtihani, kisha huzisahau. Lakini faida yake ni kubwa: ukiijua pembe moja, waijua na mwenziwe, hata ikiwa haifikiki.

Manahodha wa Kiarabu wa Bahari ya Hindi walinufaika na ukweli huo. Chombo chao, kiitwacho kamal, kilikuwa kibao chenye uzi wa mafundo. Nahodha alishika fundo kwa meno, ukingo wa chini wa kibao ukigusa upeo wa macho na wa juu ukigusa nyota ya kaskazini. Fundo lilimwonyesha kimo cha nyota, na kimo hicho kilimjulisha umbali wake kutoka ikweta.

Kwa nini? Hebu tuchore duara la dunia. Kutoka kitovuni tupitishe mstari mmoja katika ncha ya kaskazini, na mwingine katika jahazi, uendelee wima hadi angani. Nyota iko mbali mno, hivyo mwali wake ufikao jahazini ni sambamba na mstari wa ncha. Mstari wa wima unaikata yote miwili. Basi pembe kati ya wima na nyota ni sawa na pembe ya kitovuni kati ya jahazi na ncha. Ya kwanza hukamilishwa na kimo cha nyota, ya pili na latitudo ya jahazi. Kwa hiyo kimo na latitudo ni sawa.

Maskati, nyota hiyo huonekana kwenye nyuzi 23 na nusu hivi. Mogadishu, kama nyuzi 2 tu. Mombasa, nyuzi 4 kusini mwa ikweta, imekwisha kuzama, na nahodha hana budi kutegemea nyota nyingine. Yafaa ikumbukwe kwamba haiko nchani hasa: leo hukengeuka kwa chini ya nyuzi 1, zamani ilikengeuka zaidi, na manahodha walijua kusahihisha tofauti hiyo.

Mwalimu na auchore mchoro huu ubaoni kabla ya kudai majina ya jozi. Mwanafunzi ataona kwamba pembe iliyo katika kitovu cha dunia, asikofika mtu, ilipimwa kwa kibao na uzi.