Uvimbe wa Neva ya Kusikia: Kusubiri Kwenye Tarehe

Mkulima wa Dongobesh au mfugaji wa Katesh ambaye sikio lake moja linafifia polepole hudhani ni nta au uzee, na mara nyingi hakosei. Lakini sikio moja likipoteza usikivu pasipo nta wala usaha, hasa pakiwa na mlio usiokoma au kuyumba wakati wa kutembea, mhudumu wa afya hana budi kufikiria uvimbe wa neva ya nane, inayobeba usikivu na mizani ya mwili.

Uvimbe huo si saratani wala hausambai mwilini. Baadhi hukaa miaka mingi bila kukua. Mwingine huongezeka milimita 1 au 2 kwa mwaka. Kwa hiyo njia ni tatu: kuufuatilia kwa kipimo cha MRI, kuuzuia kwa mionzi iliyolengwa, au kuuondoa kwa upasuaji. Hakuna inayorudisha usikivu uliokwisha kupotea, na upasuaji unaweza kudhuru neva ya uso.

Ukubwa ndio huamua kwanza. Uvimbe unaozidi sentimita 3, au unaolisukuma shina la ubongo, kwa kawaida huhitaji upasuaji. Ulio mdogo huacha nafasi ya kuchagua.

Mwaka 2023, madaktari wa Bergen, Norway, nchi ambayo wamisionari wake walianzisha Hospitali ya Haydom miaka ya 1950, walichapisha utafiti juu ya uchaguzi huo. Wagonjwa 100 wenye uvimbe usiofikia sentimita 2 waligawanywa kwa kura. Baada ya miaka 4, uvimbe wa waliopewa mionzi mapema ulikuwa umepungua zaidi. Hata hivyo, usikivu wa makundi hayo mawili haukutofautiana, na zaidi ya nusu ya waliofuatiliwa walikuwa hawajahitaji tiba yoyote. Wengine walitibiwa uvimbe ulipokua.

Matokeo hayo yanatia moyo, ila yanategemea jambo moja: wagonjwa walirudi kupimwa. Kwa mkazi wa Mbulu au Hanang, kurudi kunaweza kumaanisha safari ya Moshi au Dar es Salaam, nauli, na siku za shamba zilizopotea. Asiyerudi hafuatiliwi, amesahaulika.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua, mgonjwa, jamaa zake na daktari wakubaliane: kipimo kijacho ni lini, kwa kawaida baada ya miezi 6 kisha kila mwaka? Nani atalipia? Picha za awali zitatunzwa wapi ili zilinganishwe? Ikumbukwe pia kwamba CT-Scan inaweza kukosa kuonesha uvimbe mdogo. Mahali ambapo kurudi hakuwezekani, tiba ya mapema hupata uzito zaidi.

Maumivu makali ya kichwa yenye kutapika, ganzi usoni, kuona ukungu au kuyumba kunakozidi havisubiri tarehe. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.