Sumu ya Mshale Ina Elimu Ndani Yake

Wako wanaodhani kwamba maarifa ya mababu zetu yalikuwa ya kubahatisha tu. Ningewaomba wautazame mti mmoja uotao katika nchi kavu ya Kitui na Makueni. Wakamba huuita kivai. Kwa Kiswahili ni msunguti.

Wawindaji wa Kikamba waliuchemsha kwa saa nyingi mpaka ukatoa uji mweusi, mzito kama lami. Waliupaka kwenye mishale, kisha wakaiviringia ngozi nyembamba ili sumu isikauke. Mnyama alianguka, na nyama yake ikalika, kwa kuwa sumu hiyo haipenyi kwa urahisi kutoka tumboni hadi damuni.

Sayansi ilikuja baadaye kueleza sababu. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud alitenga kiini cha sumu kutoka katika mti wa jamaa hiyohiyo. Kikaitwa uabaini, jina litokanalo na neno la Kisomali, waabaayo. Kiini hicho hukizuia kimeng'enya kinachotoa sodiamu nje ya seli na kuingiza potasiamu. Kimeng'enya kikizuiwa, kalsiamu hulundikana katika misuli ya moyo, mapigo yakavurugika, hatimaye moyo ukasimama. Jens Skou wa Denmark alikieleza kimeng'enya hicho mwaka 1957, na mwaka 1997 akawa miongoni mwa waliotunukiwa Nobel ya Kemia. Uabaini ulisaidia kuthibitisha kwamba kimeng'enya hicho ndicho pampu ya seli.

Mimi ni mwanaisimu, si mkemia. Linalonigusa ni neno. Kisomali kimeingia katika vitabu vya dawa vya dunia nzima. Kikamba, chenye kivai kwa mti na ivai kwa sumu yake, kimebaki nje. Neno likifa haliondoki peke yake; huondoka na ujuzi wa kuutambua mti na kujua madhara yake.

Sisemi turudie uwindaji. Ndovu Satao aliuawa kwa mshale wa sumu huko Tsavo mwaka 2014, na hilo ni ujangili usio na sifa. Lakini kuhifadhi maarifa si kuhalalisha uovu.

Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la kuyasajili. Basi Kitui na Makueni hazina budi kuwatuma vijana wenye kalamu kwa wazee, nao waandike kwa Kikamba kwanza, tafsiri zifuate. Mti utachipua tena mvua ikinyesha. Mzee akizikwa hachipui.