Dawa ya Makuti: Je, Imepimwa kwa Mvua?

Moto wa vichakani mara nyingi hufika nyumbani kwa cheche zinazopeperushwa na upepo, kabla ya ndimi zenyewe kukaribia. Ndiyo maana baadhi ya wakazi hupulizia makuti dawa ya kuzuia moto. Tatizo ni mvua. Dawa za boraksi, kwa mfano, huyeyuka kwenye maji, na baada ya masika familia huenda ikalala ikidhani paa bado lina kinga.

Kipimo kimoja cha Marekani kwa mbao za nje, ASTM D2898, huzinyeshea maji saa 96 na kuzikausha saa 72, kila wiki kwa wiki 12, ndipo zichomwe. Mkazi akiuziwa dawa aulize: kuti lilichomwa likiwa jipya, au baada ya kunyeshewa? Cheti cha kuti jipya pekee hakitoshi, hata kiwe na muhuri. Kufagia majani makavu ukutani, nako, hakuna gharama.